Mume wangu kasamehe, je na bima nayo tuisamehe?

Assalam aleykum dada, na shikamoo. Safu yako naisoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeandika kwa sababu nimebanwa, Ijumaa hii baada ya swala kuna kikao kwetu na mpaka saivi sijui nitasema nini.

Tunakaa Makorora hapa Tanga mjini. Mume wangu ni mchuuzi wa samaki, kila alfajiri yuko Deep Sea mnadani, akishapata vibua vyake anavipanga kwenye tenga nyuma ya baiskeli anapanda navyo mpaka Pongwe, nyumba kwa nyumba, wateja wake anawajua mpaka majina ya watoto wao. Kazi hiyo kaifanya miaka kumi na moja na ndiyo iliyotuolea na kutulelea watoto wanne.

Miezi saba iliyopita, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi, kumeshapambazuka, yuko kati ya Kange na Pongwe anaenda zake pembeni, ikatokea Canter inatoka Muheza imejaa machungwa, ikaovateki basi dogo ikamfuata huku huku upande wake. Dereva alijaribu kurudi haikuwezekana. Tulimkuta kalazwa kwenye kanga ya mama mmoja hata simjui, vibua vimemwagika lami yote na machungwa juu yake, baiskeli imekunjwa kama waya wa nguo. Paja la kulia lilivunjika vibaya. Akapelekwa Bombo, akafanyiwa operesheni akawekwa chuma, na mpaka leo anatembea kwa magongo, daktari kasema hicho chuma kinaweza kuja kutolewa baadae yaani operesheni nyingine. Kuendesha baiskeli yenye tenga la kilo arobaini dada, hilo sidhani tena.

Hela ilivyokwenda usiniulize. Nimeuza cherehani yangu, nimeuza na simu yake, nina deni kwa kina mama wa kikoba. Kwa hesabu niliyoandika kwenye daftari nimefika 1,940,000 na daftari lenyewe nimeanza kuliandika nimeshachelewa.

Mwenye Canter si mtu mbaya, sitaki kumsema vibaya. Wiki ya kwanza tu alikuja hospitali na dereva wake, wakatupa 150,000 na kiroba cha machungwa, yule kijana dereva akalia mbele ya mume wangu mpaka manesi wakamtoa nje. Mume wangu akamwambia pale pale, nimekusamehe, kadari ya Mungu. Kesi ya trafiki ilienda mahakamani, kijana akakiri kosa akapigwa faini akalipa, tukaambiwa imeisha.

Sasa wiki iliyopita wamekuja wazee, mjomba wa mwenye gari na wenzie wawili, wameleta ujumbe kwamba wanataka watupe 400,000 tumalizane, na karatasi wameshaichapa kabisa, mwenyekiti wa mtaa atakuja kugonga mhuri. Nimeipiga picha, imeandikwa hivi: "Nimepokea shilingi laki nne. Nimesamehe na sitamdai mwenye gari wala dereva wake kitu chochote leo wala siku zijazo." Mjomba akaongeza kwamba na baiskeli yenyewe haikuwa na taa, kwaiyo tushukuru tu tukubali.

Mume wangu anataka kusaini. Anasema alishamsamehe yule kijana na kula hela ya mguu wake mwenyewe hataki, anaona kama anauuza. Shemeji yangu anasema tusisaini, kuna bima. Mie sielewi, ninavyojua bima ni ya mwenye gari, gari yake ikiharibika anatengenezewa. Sisi hatujakata bima yoyote, tutaanzaje kwenda kudai? Alafu kuna kijana mmoja karibu na stendi ya Kange anasema yeye anafuatilia mambo ya bima, nimpe 200,000 ya kuanzia na nimsainie karatasi ya kumruhusu, kikitoka chochote tugawane nusu kwa nusu.

Nisaidie dada, kabla ya Ijumaa.

Mama wa wanne, Makorora

* * *

Waaleykum salaam mdogo wangu, marahaba. Mpe pole sana shemeji yangu, yaani mumeo, na wewe pole zaidi maana mgonjwa anaugua mguu na mke anaugua nyumba nzima.

Nianze na la haraka. Ijumaa mtu yeyote asisaini karatasi ile. Hata kama mwenyekiti kashakuja na mhuri wake, hata kama wazee wamekula na kushiba wanasubiri, karatasi ile kwa maneno yale yale uliyoninukulia isisainiwe. Ntakueleza kwanini, na naomba umsomee na mumeo, maana ninavyoona hapo yeye ndiye mwenye swali kubwa kuliko lako.

Kabla sijawa na safu hii mie nilikaa kaunta ya madai kwenye ofisi ya bima miaka mingi tu, na swali lako, "sisi hatujakata bima tutadai vipi", nimelisikia kwa watu wengi mno. Wengi wao waliliuliza wakiwa wameshachelewa. Bima ile ndogo ambayo kila gari inalazimishwa kuwa nayo, ile ya laki moja na kidogo kwa gari ndogo ya kutembelea, mtaani wanaiita thadi pati. Hebu liangalie jina lenyewe. Yaani kuna watu watatu, wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni mtu baki wa njiani ambaye hayumo kwenye mkataba, hajalipa hata senti tano, hajui hata kama mkataba upo. Huyo wa tatu ni mumeo na tenga lake la vibua. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kabisa gari kutembea barabarani bila bima hiyo, na sababu ya kulazimisha siyo kumlinda mwenye gari na gari yake, ni ili anayeumizwa au kufa kwa sababu ya gari apate pa kulipwa hata kama aliyemgonga hana kitu mfukoni. Mwenye Canter akiwa na hiyo peke yake, alafu gari yake ikagonga mwembe, hapewi hata taa moja. Ile hela aliyolipa alilipia watu kama mumeo. Kwaiyo ukienda kudai huendi kuomba, wala huendi kumnyang'anya mtu chake.

Sasa nije kwa shemeji. Kusamehe kwake nakuheshimu, na kwa jinsi ulivyoeleza yule kijana alivyolia, naamini msamaha ule ulitoka moyoni. Mie si shehe, hilo mwende mkamuulize shehe wenu, lakini hata kwenye dini yetu aliyeumizwa bila kukusudiwa hakuachwa hivi hivi. Diya, yaani fidia ya damu, imetajwa ndani ya Qur'an, Surat An-Nisaa aya ya 92, kwa aliyeuliwa kwa kukosea, na ndugu wa marehemu wanapewa haki yao, wakitaka kuiacha iwe sadaka ni hiari yao wenyewe. Kwaiyo kupokea fidia si kuuza mguu. Na shemeji anaweza kabisa kumsamehe yule kijana, asimchukie, asimlaani, wakikutana njiani wapeane mkono, na fidia ya bima ikalipwa vile vile. Kampuni ya bima haikulia wodini, haina cha kusamehewa, inafanya biashara na sehemu ya biashara yake ni kulipa siku kama hizi.

Lakini hapa ndipo mtego ulipo na ndio maana nimeanza na karatasi. Kampuni ya bima inalipa kwa niaba ya mwenye gari. Deni ni la dereva na mwenye gari kwanza, bima inasimama nyuma yao kulibeba. Sasa nyie mkiandika kwa mkono wenu kwamba hamumdai mwenye gari wala dereva kitu chochote leo na siku zote, deni limekufa, na deni likifa bima inabeba nini? Watakwambia mama, mteja wetu hadaiwi, hii hapa karatasi yenu na mhuri wa serikali ya mtaa. Nimeliona hili kwa macho yangu, baba mmoja kutoka njia ya Pangani, mkono wake umekatwa juu ya kiwiko, alikuja na karatasi ya namna hiyo aliyosainia kwa laki mbili na nusu, na kwenye faili lake sikuwa na mahali pa kuandika kitu. Kwaiyo shemeji asamehe kwa ulimi na kwa moyo, ila asisamehe kwa kalamu.

Wakitaka kuwapa hizo 400,000 kama ubinadamu, pokeeni, mnazihitaji. Ila karatasi iandikwe upya, iseme fulani amepokea 400,000 kama msaada wa matibabu na si malipo ya mwisho, na madai yake kwa bima ya gari namba fulani yanabaki pale pale. Zile 150,000 za mwanzo zitajeni nazo humo kwamba zilipokelewa, ukweli haumuumizi mtu. Wakikataa kuwapa kwa maneno hayo basi mjue ile hela ilikuwa bei ya karatasi.

Na kitu kingine kinanisumbua, kwanini wana haraka? Inawezekana ni uoga tu, wenye magari wengi nao hawaijui bima yao, wanadhani wakiitaja watafilisiwa, kumbe ndiyo ingewatua mzigo. Lakini pia inawezekana siku ile gari haikuwa na bima. Hilo ulijue wewe kabla ya Ijumaa, na siku hizi ni rahisi. Mwambie shemeji yako au mtoto yeyote mwenye simu nzuri aingie kwenye tovuti ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kuna mfumo wao unaitwa TIRAMIS wa kuhakiki bima, unaingiza namba ya gari inakuletea kampuni iliyoikatia bima, imeanza lini na inaisha lini. Hapo angalia vizuri sana tarehe. Usiangalie kama ina bima leo, angalia kama ilikuwa nayo siku ya ajali, maana wapo wanaokimbilia kukata siku ya pili yake. Piga skrinishoti uitunze. Kama mfumo hauonyeshi ya nyuma, nenda kwa trafiki aliyepima ajali, mara nyingi maelezo ya bima yamo kwenye faili, au andika barua TIRA wenyewe uwaulize.

Ikikutwa haikuwa na bima, haki yenu haijafa, ila mnamdai mwenye gari na dereva moja kwa moja, na hapo 400,000 kwa paja lililovunjika na kazi iliyokufa ni ndogo mno, semeni hivyo hivyo bila kugombana.

Kuhusu kesi ya trafiki kwisha. Wengi wanachanganya hapa na mie sishangai maana hakuna anayewaeleza. Kesi ile ilikuwa ya Jamhuri na dereva, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, faini yake imeingia serikalini, nyie hamkuwemo. Yenu ya fidia haijaanza hata. Ila ile kesi imewaachia mali kubwa, maana kijana alikiri na akatiwa hatiani, na kwa sheria yetu ya ushahidi hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho inahesabika ushahidi tosha kwamba kosa lilitendeka. Nenda mahakama iliyosikiliza ile kesi, omba nakala ya hati ya mashitaka na ya hukumu zenye mhuri. Alafu nenda polisi kwa trafiki omba PF90 ambayo ndiyo ripoti ya mwisho ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa gari, PF115 ambayo nayo ni fomu ya polisi ya ajali, na ramani ya tukio. PF3 mnayo? Ile waliyojaza polisi kisha daktari akaandika majeraha. Kama ilibaki hospitali au ilirudi polisi tafuta kopi yake, hiyo ndiyo inayounga mguu wa mumeo na ajali ile, bila hiyo atatokea mtu aseme aliteleza bafuni.

Ya taa ya baiskeli isikutishe. Kwanza kulikuwa kumeshapambazuka na hilo litakuwa kwenye ripoti, saa imeandikwa. Pili, hata kama aliyeumia naye ana sehemu yake ya uzembe, sheria inapunguza fidia kwa kiasi cha sehemu hiyo, haiifuti yote. Na hapa gari ndiyo iliyohama upande wake ikamfuata yeye.

Sasa hesabu, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo hela inapopotelea. Fidia ina sehemu mbili. Kuna hela ambazo zimetoka mfukoni kweli, dawa, vipimo, magongo, bajaji za kwenda kliniki, kipato alichokosa. Hizo mahakama zetu zinataka zitajwe moja moja na zithibitishwe, huwezi kusema nilitumia kama milioni mbili hivi, watakupa ya yale uliyothibitisha tu. Alafu kuna fidia ya jumla, ya maumivu, ya ulemavu, ya maisha kubadilika, hiyo haina risiti, inakadiriwa kwa kuangalia ukubwa wa jeraha, na kampuni nayo inakadiria inapotaka mmalizane nje ya mahakama.

Kwaiyo leo usiku, watoto wakishalala, mwaga kila karatasi kitandani. Risiti za zile mashine za EFD mdogo wangu zinafutika! Ukizikunja kwenye pochi, ukizipitisha juani, miezi michache zinabaki karatasi nyeupe. Mama mmoja alinimwagia mezani mfuko mzima wa rambo, risiti za miezi tisa alizozitunza kwa uaminifu wote, nikawa nazigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha, namba ya mashine inaonekana kidogo na bei haionekani kabisa. Tulirudi kuomba nakala duka kwa duka na nyingine hatukuzipata. Kesho asubuhi nenda stesheneri ukazitolee kopi zote, na zipige picha. Bajaji hawatoi risiti, basi kama una bajaji yako moja uliyozoea muombe yule kijana akuandikie kwamba alikuwa anakubeba siku za kliniki kwa bei fulani, aweke jina na saini na namba yake, na tarehe zifanane na zile za kadi ya kliniki. Cherehani uliyouza iandike kwenye daftari lako kwa kumbukumbu, ila usiitegemee, kinachohesabika ni matibabu iliyolipia.

Kipato cha mchuuzi ndicho wanachokidharau zaidi, watakwambia hana mshahara hana salary slipi. Usikubali. Andikisha maelezo ya muuzaji anayemkopesha samaki pale Deep Sea, wateja wawili watatu wa Pongwe, barua ya mtendaji kwamba anamjua ni mchuuzi miaka hiyo yote, na kama alikuwa anapokea malipo kwa simu omba taarifa ya miamala ya miezi sita kabla ya ajali, laini ni yake hata kama simu umeiuza. Na vibua vya siku ile na baiskeli navyo viandikwe, msione aibu kwamba ni vidogo.

Alafu msikimbilie kumaliza. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu njaa ndiyo inayosainisha watu. Mguu haujapona, chuma kipo ndani, bado hamjui kama atachechemea maisha yake yote. Muombeni daktari wake ripoti kamili, iseme jeraha, iseme kama chuma kitatolewa na inaweza kugharimu kiasi gani, na iseme asilimia ya ulemavu wa kudumu pindi atakapoona matibabu yamefika mwisho. Hiyo asilimia ndiyo inayobeba dai. Lakini barua ya kwanza ya madai pelekeni sasa hivi, msisubiri asilimia, wajue tu mpo. Iandikwe kwa kampuni ya bima, nakala kwa mwenye gari, namba ya gari, tarehe, mahali, aliyeumia ni nani, na kwamba nyaraka zinafuata. Peleka mbili, moja wagonge mhuri wa kupokea ubaki nayo, usikubali kupokelewa kwa mdomo hata na mtu anayecheka nawe vizuri.

Mwenye gari akisema hakutoa taarifa kwa bima yake kwaiyo imeshakufa, msimsikilize. Kosa la mteja baada ya ajali, kama kutokutoa taarifa, ni lake na kampuni yake, haliwezi kutumika kumnyima mtu wa tatu.

Kampuni ikija na ofa watakupa karatasi inaitwa dischaji vocha. Hiyo ni ndugu wa karatasi ya wazee, ukishaisaini umesema nimelipwa yote nimemaliza. Kwaiyo isainiwe mkiwa mmekubali kweli kiasi, na kuna mtu anayejua sheria kaisoma. Wakiwazungusha au ofa ikiwa ya dharau, kwanza andikeni malalamiko kwa kampuni yenyewe, alafu TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayesikiliza malalamiko dhidi ya kampuni za bima, mkaulize kama lenu linaingia kwake. Mahakama ni mlango mwingine. Mnawashitaki dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kuhusu hiyo kesi kabla hamjaifungua au mara tu mkishaifungua, hilo wengi wanasahau alafu wanashinda kesi na bima inakataa kulipa hukumu kwa sababu haikuambiwa. Na madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Nyie miezi saba imeshakwenda. Kuna kampuni zinajua kuzungusha mpaka miaka ifike, barua za kubembelezana hazisimamishi hiyo saa.

Yule kijana wa Kange mwache. Huyo ni kishoka. Anayetaka laki mbili mbele, nusu nyuma, na saini ya kumruhusu apokee kwa niaba yako, ni mtu anayeweza kusaini dischaji vocha kwa kiasi chochote na wewe ukaja kusikia baadae. Kama huna hela ya wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna watoa msaada na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, hawatozi, nenda ustawi wa jamii halmashauri pale uulize walipo. Watakusaidia hata kuandika ile barua ya kwanza.

Wengine walioniandikia wiki hizi nao niwajibu humu humu kwa kifupi. Abiria aliyelipa nauli kwenye basi au daladala naye ni mtu wa tatu, anadai. Aliyepewa lifti ya bure asihesabu kwamba sheria inailazimisha bima imlipe, aangalie kwanza mkataba wa gari ile. Kondakta au turnboi aliyeumia kazini njia yake ni mwajiri na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na gari ya Kenya iliyoingia kwa Horohoro ikikugonga huku kwetu, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, hiyo ndiyo bima yake ya thadi pati ikiwa nje ya kwao, hata wewe wa Tanga unadai bila kuvuka mpaka, ilimradi namba ya ile kadi uinakili kabla gari haijaachiwa.

Narudi kwako. Ijumaa wazee wakishakaa, shemeji aanze yeye kuongea, asimwachie mjomba aanze. Aseme hivi, au kwa maneno yake: "Yule kijana nilimsamehe wodini na leo nasema tena mbele yenu nimemsamehe. Sina kinyongo na mwenye gari. Ila karatasi hii sisaini, kwa sababu gari ilikatiwa bima kwa ajili ya mtu kama mimi na nitaidai bima. Naomba mwenye gari anisaidie kitu kimoja, anipe jina la kampuni na nakala ya bima ya siku ile." Basi, anyamaze, wewe lete chai. Akitoa nakala pale pale mmepata mwenzenu kwenye safari hii. Akianza kuzunguka, wewe una skrinishoti.

Chochote mtakachokuta kwenye TIRAMIS niandikie, na ile karatasi ya wazee picha yake usiifute.